Kupima isoma R ya levofloksasini kwa shaba, asidi amino na kolamu ya kawaida ya C18

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Niko maabara ya ubora katika kiwanda cha dawa. Tunaagiza malighafi ya levofloksasini, dawa ya kuua bakteria, kutoka nje, na mkuu wangu anataka tupime wenyewe kiasi cha isoma R (molekuli pacha iliyo kinyume, kama taswira ya kioo) badala ya kuishia kusoma cheti cha muuzaji. Kolamu maalumu ya kutenganisha isoma hatuna, na bajeti imeshafungwa. Tuna HPLC ya kawaida (mashine ya kutenganisha kemikali kwa kimiminika) yenye ditekta ya UV (mwanga wa urujuanimno) na kolamu kadhaa za C18 (mirija yenye silika iliyopakwa minyororo ya kaboni 18). Nimesikia kwamba ukitia shaba na asidi amino kwenye kimiminika kinachosukumwa na pampu, isoma zinaachana. Mwenzangu anasema nitaua kolamu. Nani yuko sahihi? Na je, ujanja huo unaweza kutusaidia kwa ethambutoli, dawa ya kifua kikuu ambayo UV haiioni?"

Jibu:

Marahaba. Wewe uko sahihi kwamba njia inafanya kazi. Mwenzako naye hajakosea: ukiiendesha kama unavyoendesha bafa ya fosfeti (kimiminika cha kushikilia pH), kolamu haitachukua muda mrefu kufa. Njia yenyewe wala si ya kubahatisha. Famakopia ya China, yaani kitabu rasmi cha viwango vya dawa, imeiweka kwenye monografu (ukurasa wa viwango) ya levofloksasini, kwa kolamu hiyo hiyo ya C18 uliyo nayo kabatini.

Tuanze na jambo ambalo mfamasia yeyote analijua. Mgonjwa anayepewa levofloksasini huambiwa asiimeze pamoja na dawa za kiungulia zenye magnesi au alumini, wala vidonge vya chuma, bali aache nafasi ya saa mbili. Sababu ni kwamba molekuli hii ina oksijeni ya ketoni na kundi la kaboksili vikiwa jirani kabisa, na vikishirikiana hukamata ayoni ya metali kwa pande mbili na kufunga pete ya atomi sita. Tumboni hiyo ni hasara, kwa kuwa dawa iliyofungwa na metali hainyonywi vizuri. Kwenye kromatografia tabia hiyo hiyo inaweza kuwa kero au chombo cha kazi. Ni kero pale silika ya kizamani yenye uchafu wa chuma na alumini inapoivuta dawa bila mpangilio, ukaona kilele cha siprofloksasini kwenye chati kinaburuta mkia mrefu. Inakuwa chombo pale wewe mwenyewe unapotia metali, ukijua ni ipi, kiasi gani, na imeshikwa na nani.

Sasa tuje kwenye isoma zako. Ofloksasini ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa isoma S na isoma R, kila moja ikiwa taswira ya mwenzake kwenye kioo. Levofloksasini ni ile S peke yake. Kampuni ya Daiichi ya Japani ndiyo iliyozitoa zote mbili, na levofloksasini ilianza kuuzwa huko mwaka 1993. Kazi ya kuua bakteria inafanywa hasa na S. Vipimo vya maabara vimeionyesha kuwa na nguvu mara 8 hadi 128 kuliko R, kutegemea bakteria. Kwa nchi zetu hili si la vitabuni tu, maana levofloksasini imo kwenye kundi A la Shirika la Afya Duniani la dawa za kifua kikuu sugu, na mgonjwa huimeza kwa miezi mingi.

Tatizo ni kwamba S na R zina uzito uleule, umumunyifu uleule, mwonekano uleule kwenye UV, na kwenye C18 zinatoka dakika ileile. Sahani ya kawaida ya TLC (kromatografia ya tabaka jembamba) nayo haitakuonyesha tofauti, wala spektromita ya masi, inayopima uzito wa molekuli. Ili ziachane lazima zikutane na kitu ambacho chenyewe kina upande, kama mkono wa kulia au wa kushoto.

Hapo ndipo shaba inapoingia. Ayoni ya shaba yenye chaji mbili ina nafasi nne zenye nguvu, zilizokaa kama pembe za mraba. Fenilalanini ya upande mmoja, tuseme D, inakamata nafasi mbili kwa nitrojeni yake na oksijeni yake. Nafasi mbili zinazobaki zinakamatwa na molekuli ya dawa. Unapata kompleksi ya watu watatu: fenilalanini, shaba, dawa. Kompleksi yenye D na S si taswira ya kompleksi yenye D na R. Ni vitu viwili tofauti kabisa, vyenye uthabiti tofauti na mvuto tofauti kwa C18. Kolamu yako ya kawaida, ambayo haina upande wowote, sasa ina kitu cha kutofautisha.

Kwa nini shaba na si nikeli au kobalti? Sababu ya kwanza ni nguvu. Katika ule mfuatano wa Irving na Williams wa nguvu ya mshiko wa metali, kuanzia manganizi hadi zinki, shaba ndiyo inayokaa kileleni. Ila watu wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu sababu ya pili ndiyo inayoamua, nayo ni kasi. Maji yaliyoshikwa na ayoni ya shaba hubadilishana mabilioni ya mara kwa sekunde. Kwenye nikeli ni makumi ya maelfu tu. Ndani ya kolamu, molekuli ya dawa inatakiwa iingie na kutoka kwenye kompleksi mara nyingi mno kabla haijafika mwisho, ili zote za aina moja zipate wastani mmoja wa mwendo. Metali inayoachia polepole inakupa vilele vinene visivyo na maana, hata kama imeshika kwa nguvu namna gani.

Wazo lenyewe lina umri. Friedrich Helfferich alieleza kubadilishana ligandi (molekuli zinazoshikana na metali) kwenye metali kama njia ya kutenganisha mwaka 1961. Miaka 10 baadaye Davankov na Rogozhin, huko Moscow, waligandisha prolini kwenye resini, wakaipakia shaba na kutenganisha asidi amino za D na L. Kilichotusaidia sisi wenye vifaa vya kawaida ni hatua ya Hare na Gil-Av mwaka 1979: waliacha kugandisha kitu chochote, wakatia prolini na shaba moja kwa moja kwenye kimiminika. Tangu hapo kolamu inaweza kuwa ya kawaida, na upande wa kioo ukanunuliwa kwenye chupa.

Haya, mapishi. Ya famakopia ya China ni haya: gramu 1.32 za D-fenilalanini na gramu 1 ya salfeti ya shaba katika mililita 1000 za maji, pH irekebishwe hadi 3.5 kwa hidroksidi ya sodiamu, kisha changanya sehemu 82 za mchanganyiko huo na sehemu 18 za methanoli. Kolamu ikae nyuzi 40, ditekta isome kwenye nanomita 294. Ukipiga hesabu utaona fenilalanini ni kama milimoli 8 kwa lita na shaba ni milimoli 4, yaani mbili kwa moja. Uwiano huo ndio wa kulinda. Shaba ikizidi, kuna shaba isiyo na fenilalanini itakayoikamata dawa bila kubagua S wala R, na utengano unapungua. Asidi amino ikizidi sana, nayo inagombania nafasi na dawa.

Salfeti ya shaba ndiyo mrututu, lakini usinunue ule wa duka la pembejeo. Una chuma na uchafu mwingine, na chuma ndiyo metali unayoiogopa kuliko zote kwenye kazi ya kwinoloni, kundi la dawa la levofloksasini. Chukua ya daraja la maabara, ile ya buluu yenye maji yake matano, kwa sababu hesabu niliyoipiga hapo juu ni ya hiyo.

Kuhusu pH, usishangae ukiona inashuka mara tu unapochanganya. Shaba inapoikamata asidi amino inaifukuza protoni, na protoni hizo zinabaki kwenye maji. Ongeza hidroksidi tone kwa tone huku ukikoroga kwa nguvu. Ukimwaga, pale tone linapoangukia pH inapaa, na unaona ukungu au unga wa buluu hafifu. Unga huo mara nyingi ni kompleksi ya shaba na fenilalanini mbili, ambayo haiyeyuki vizuri kwenye pH ya kati. Hii ndiyo sababu mapishi ya fenilalanini yanakaa chini, kwenye 3.5, ingawa mshiko ungekuwa imara zaidi ukipanda juu. Usishuke sana pia, maana protoni zikiwa nyingi zinarudi kwenye nitrojeni ya asidi amino na kuipokonya shaba mwenzake. Chuja kwa kichujio cha mikroni 0.45 baada ya kurekebisha pH, si kabla.

D-fenilalanini ni ghali kuliko L, na utajaribiwa kutumia L iliyopo stoo. Kimsingi inatenganisha sawasawa. Kinachobadilika ni mpangilio wa kutoka: ukigeuza upande wa asidi amino, isoma iliyokuwa ya kwanza inakuwa ya pili. Jambo hili kwangu ndilo uzuri mkubwa wa njia hii. Unatafuta asilimia 1 au pungufu ya R pembeni ya mlima wa S. R ikitoka nyuma ya S, inaangukia kwenye mkia wa S, na hesabu ya eneo lake inakuwa ya kukisia. Ikitoka mbele, inasimama kwenye mstari safi. Kwa hiyo chagua upande unaoleta R mbele, hata kama unagharimu zaidi. Kwa kujua ipi ni ipi, piga sindano ya ofloksasini, kisha ya levofloksasini rejea. Kilele kinachokaribia kutoweka kwenye ya pili ndicho R.

Ofloksasini hiyo hiyo ni kipimo chako cha kila asubuhi. Vilele viwili lazima vitoke na maeneo yaliyo karibu sawa kabisa, na utengano (kipimo cha jinsi vilele vilivyoachana) usipungue 1.5, ingawa mimi ningependa uwe juu ya hapo kwa sababu sampuli yako halisi haitakuwa nusu kwa nusu. Maeneo yakipishana, usikimbilie kulaumu ofloksasini. Mara nyingi ni mstari wa msingi unaocheza, au S na R zikiwa ndani ya kompleksi zinameza mwanga kwa kiasi tofauti kidogo. Kama tofauti hiyo inajirudia kila siku, ipime na uitumie kama kipengele cha kusahihisha.

Sasa kosa ambalo wengi hawalitarajii: sampuli nzito mno. Ukiyeyusha miligramu 1 ya levofloksasini kwa mililita, una karibu milimoli 2.8 kwa lita. Kimiminika chako kina shaba milimoli 4 kabla ya kuzimuliwa na methanoli. Maana yake, pale sampuli inapoingia, dawa inakaribia kuwa nyingi kama shaba. Shaba ya eneo hilo inaisha, sehemu ya dawa inasafiri bila kufungwa, na kilele kinapinda na kuhama. Anza na miligramu 0.1 hadi 0.2 kwa mililita, iliyoyeyushwa kwenye kimiminika chenyewe. Kwa miligramu 0.2, asilimia 1 ya R ni mikrogramu 2 kwa mililita, na kwenye nanomita 294 kwinoloni inaonekana bila shida kwa kiwango hicho. Na tafadhali, EDTA, kemikali inayokamata metali kwa nguvu, isiguse sampuli. Nasema hivyo kwa sababu maabara nyingi zina mazoea ya kuitia kwenye kazi za tetrasaiklini, ambako inasaidia kwa kuwa metali haitakiwi. Hapa ingeinyang'anya dawa shaba yote.

Tuje kwa hofu ya mwenzako. Adui wa kwanza ni fosfeti. HPLC yenu bila shaka imeshinda wiki nzima ikisukuma bafa ya fosfeti, na fosfeti ikikutana na shaba inaganda ndani ya mirija, kwenye vali na kwenye mdomo wa kolamu. Osha mfumo mzima kwa maji matupu kwanza, pamoja na mstari wa kuoshea sindano, ambao watu huusahau. Adui wa pili ni haraka ya kumaliza siku. Ukitoka kwenye kimiminika chenye shaba ukaingia moja kwa moja kwenye methanoli tupu, chumvi inaganda na shinikizo linapanda mbele ya macho yako. Kwanza pitisha maji yenye methanoli kidogo, asilimia 10 au 15, kwa nusu saa au zaidi. Kisha pitisha EDTA ya sodiamu kama milimoli 10 kwa lita, iing'oe shaba iliyojishikiza kwenye silika. Rudi kwenye maji yenye methanoli hadi EDTA iishe, halafu ndipo upandishe methanoli ya kuhifadhia. Asetonitrili nakushauri usiihusishe kabisa kwenye njia hii: inapenda kuishika shaba yenye chaji moja, na inakuletea kigeugeu usichokihitaji.

Kolamu itakayofanya kazi hii itengwe, iandikwe kwa kalamu isiyofutika, na isirudishwe kwenye kazi nyingine. EDTA inaondoa shaba nyingi, haiondoi yote. Ukipima tetrasaiklini au siprofloksasini kwenye kolamu hiyo baadaye, utapata mikia usiyojua imetoka wapi. Chagua kolamu mpya ya silika safi, si ile ya zamani mnayotaka "kuimalizia". Na uipe muda asubuhi. Shaba na fenilalanini hujipanga taratibu juu ya C18, kwa hiyo muda wa kutoka unaendelea kuhama kwa saa moja au zaidi kabla haujatulia. Sindano mbili mfululizo za ofloksasini zikitoka dakika ileile, anza kazi.

Majitaka yenye shaba yakusanywe kwenye galoni lake. Shaba ni sumu kali kwa samaki na viumbe vya majini, na asidi amino inaifanya iendelee kuyeyuka badala ya kutuama.

Kabla hujaanza, mwulize mkuu wako anataka kujua nini hasa. Kama hofu ni kwamba muuzaji anaweza kuleta ofloksasini ndani ya pipa lililoandikwa levofloksasini, polarimita, kifaa cha kupima mzunguko wa mwanga, inatosha kwa malighafi. Levofloksasini kwenye methanoli inazungusha mwanga karibu nyuzi hasi 100, ofloksasini haizungushi kitu. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Lakini kama anataka kujua R ni asilimia 0.3 au 1.2, polarimita haifai: asilimia 1 ya R inapunguza mzunguko kwa asilimia 2 tu, na kosa la kupima unyevu wa malighafi linaweza kuimeza tofauti hiyo. Kikomo cha famakopia ya China kwa R ni asilimia 1.0. Nyinyi fuateni famakopia mliyosajilia dawa yenu, maana hata asidi amino inaweza kutofautiana. Isolusini nayo inatumika, kwa uwiano ule ule wa mbili kwa moja.

Njia hii isikufanye udhani kila dawa yenye isoma itaitika. Inahitaji molekuli yenye mikono miwili ya kukamatia, iliyo karibu vya kutosha kufunga pete ya atomi tano au sita. Levodopa, methildopa na thairoksini zinafaa, kwa sababu zote ni asidi amino kwa umbo. Penisilamini pia ni asidi amino, na kuna kichekesho hapo: D-penisilamini hutolewa kwa wagonjwa wa Wilson, ugonjwa wa shaba kurundikana mwilini, ili iondoe shaba hiyo. Lakini salfa yake inaichafua shaba kwa kuigeuza kuwa ya chaji moja, ndiyo maana hufungwa kwanza kwa formaldehidi kabla ya kupimwa. Ibuprofeni, yenye kaboksili peke yake, usipoteze muda nayo.

Ethambutoli sasa. Ni kweli UV karibu haiioni, na ni kweli shaba inaweza kuifanya ionekane. Jaribio la utambulisho mnalolijua, la salfeti ya shaba na hidroksidi ya sodiamu linalotoa buluu iliyokolea, ni kompleksi hiyo hiyo, nayo inameza pia mwanga wa UV kwa nguvu. Ila kimiminika cha pH 3.5 hakitakusaidia. Nitrojeni mbili za ethambutoli zinakuwa zimebeba protoni na shaba haipati pa kushika, hivyo ni lazima upande juu, ambako hidroksidi ya shaba inaanza kuganda.

Kwa kidonge cha ethambutoli peke yake, inawezekana na inafaa kujaribu. Kwa kile kidonge cha dawa nne za kifua kikuu, chenye rifampisini miligramu 150, isoniazidi 75, pirazinamidi 400 na ethambutoli 275, nakushauri usitie shaba kwenye kimiminika. Shaba huoksidisha rifampisini kuwa kwinoni yake, na isoniazidi nayo haikai salama mbele yake. Utakuwa unapima dawa huku unaiharibu. Kama ni lazima shaba itumike, iongezwe baada ya kolamu kwa pampu ya pili, dawa zikiwa zimeshaachana. La sivyo, tumia njia ya famakopia inayoisoma ethambutoli chini kabisa, karibu na nanomita 200, na uvumilie mstari wa msingi unaotetemeka.

Kitu cha mwisho, ambacho hukuuliza lakini najua mtakifikiria mkikwama: msiunganishe kimiminika hiki na spektromita ya masi. Salfeti ya shaba haivukizwi. Itaganda kwenye mdomo wa kifaa, na fundi wa kuja kukisafisha ni ghali kuliko hiyo kolamu maalumu mliyoshindwa kununua.